Mapafu Yenye Makovu na Presha Isiyoonekana: Vipimo Vinavyofanywa Bila Kuingiza Mrija Moyoni

Katika familia nyingi za Thika na Ruiru, mzee akianza kusimama mara mbili kabla ya kufika kwenye geti, jibu la haraka huwa ni umri. "Guka amezeeka tu," watu husema, au "shosho ana asthma." Wapo wanaopewa pampu ya kuvuta mdomoni, na wapo wanaoanzishiwa dawa za TB ijapokuwa makohozi yao hayakuonyesha vimelea. Miezi inapita, kikohozi kikavu hakiondoki, na pumzi inazidi kukatika.

Lipo kundi la magonjwa linalojificha nyuma ya majina hayo. Wataalamu wanahesabu zaidi ya aina 200, lakini zote hushambulia mahali pamoja: utando mwembamba ulio kati ya vifuko vya hewa na mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu. Utando huo ukiumia mara kwa mara hujaa makovu. Unakuwa mnene na mgumu kama ngozi iliyopona baada ya kuungua, na oksijeni hupenya kwa shida. Kwa urahisi, makala haya yanayaita magonjwa hayo makovu ya mapafu.

Somo lenyewe ni juu ya hatari ya pili inayofuata makovu hayo, hatari ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. Ni shinikizo la juu la damu ndani ya mishipa ya mapafu, au kwa lugha ya kliniki, presha ya mapafu. Si ile presha inayopimwa kwa kufunga mkanda mkononi. Mtu anaweza kupimwa mkononi akaambiwa ni 120 kwa 80, akaenda nyumbani akiwa na furaha, ilhali presha ndani ya mapafu yake imepanda maradufu.

Makovu hutoka wapi

Eneo hili lina kazi nyingi zenye vumbi. Mawe ya ujenzi ya Ndarugo, upande wa Juja, yamejenga nyumba nyingi za Nairobi na vitongoji vyake, na kila jiwe limekatwa na mtu aliyesimama ndani ya wingu la vumbi. Vumbi la mawe lenye silika likivutwa kwa miaka mingi huacha makovu yasiyofutika. Vilevile wafugaji wa kuku, ambao ni wengi katika kaunti hii, huvuta vumbi la manyoya na kinyesi, na wafugaji wa ng'ombe huvuta ukungu wa nyasi kavu zilizolowa kabla ya kuhifadhiwa. Kwa wengi haya hayaleti madhara makubwa. Kwa wachache mwili huyakataa, na mapafu huvimba kila banda linapofagiliwa, hadi makovu yanatokea.

Wengine hupata makovu kutokana na magonjwa ya viungo na ngozi, kama baridi yabisi na ule ugonjwa unaofanya ngozi ya vidole kukaza na kung'aa. Dawa chache pia zinaweza kuyaleta, mojawapo ikiwa nitrofurantoini, inayotumiwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, hasa ikimezwa kwa miezi mingi. Kwa wagonjwa wengine, hasa waliopita miaka 60, chanzo hakijulikani kabisa. TB iliyopona nayo huacha makovu ya aina yake, na ndiyo sababu picha ya kifua cha mtu aliyewahi kuugua TB huhitaji jicho la mtaalamu kabla ya kusema kilichopo ni kipi.

Moyo unaingiaje

Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto husukuma damu kwenda mwili mzima kwa nguvu nyingi. Upande wa kulia husukuma damu ileile, takriban lita 5 kila dakika mtu akiwa amepumzika, lakini kwenda mapafuni tu, ambako kwa kawaida mishipa ni laini na mipana. Kwa hiyo misuli ya upande wa kulia ni myembamba. Haikuumbwa kwa kazi nzito.

Makovu yanapobana na kuziba mishipa midogo, na oksijeni inapopungua, mishipa iliyobaki hujikaza. Damu inatafuta njia na njia zimepungua. Presha inapanda, moyo wa kulia unaongeza nguvu, unanenepa, kisha unatanuka na kuchoka. Hapo ndipo miguu inavimba, tumbo linajaa maji, na mtu anaweza kuzirai akipanda ngazi.

Jambo hili si la nadra. Kwa wagonjwa wa makovu yasiyojulikana chanzo, presha ya mapafu hupatikana kwa kati ya asilimia 8 na 15 wanapochunguzwa mara ya kwanza. Ugonjwa ukikomaa, idadi hufika asilimia 30 hadi 50, na kwa walio katika hatua ya mwisho hupita asilimia 60. Mwenye makovu na presha kwa pamoja huchoka mapema zaidi, hulazwa mara nyingi zaidi, na maisha yake huwa mafupi kuliko ya mwenye makovu peke yake. Ndiyo maana kujua mapema kuna maana, hata pale ambapo makovu yenyewe hayaponi.

Maana hiyo ni ya vitendo. Chukua oksijeni ya nyumbani. Kwa kawaida mgonjwa huandikiwa oksijeni ya muda mrefu pale kiwango chake akiwa ametulia kinapokuwa asilimia 88 au chini. Lakini akiwa na dalili kwamba moyo wa kulia umelemewa, anastahili kuandikiwa hata akiwa na 89. Nukta moja hiyo inaweza kuamua kama mtu atalala na mtungi au bila mtungi, na haiwezi kuamuliwa vizuri kama hakuna aliyeutazama moyo.

Kipimo cha mwisho, na sababu ya kutokuanza nacho

Njia pekee ya kuthibitisha presha ya mapafu ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo, mkono au paja, hadi upande wa kulia wa moyo na kwenye mshipa mkuu wa mapafu. Daktari Mjerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija wa namna hiyo mwenyewe mwaka 1929, jambo lililowashtua wakuu wake, na mwaka 1956 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili walioiendeleza njia hiyo. Leo presha ya mapafu inahesabiwa ipo iwapo wastani unaopimwa kwa mrija, mtu akiwa amepumzika, unazidi milimita 20 za zebaki. Zamani mpaka ulikuwa 25. Ulishushwa katika mkutano wa dunia wa wataalamu uliofanyika Nice, Ufaransa, mwaka 2018.

Kipimo hicho kinahitaji chumba maalumu, mashine na wataalamu wanaopatikana katika hospitali chache, nyingi zikiwa Nairobi. Kina gharama, na ingawa hatari yake ni ndogo, ipo. Si busara kumpeleka huko kila mtu mwenye makovu. Kazi ya vipimo vya nje ya mwili, vile visivyoingiza chochote moyoni, ni kuchuja: nani ana dalili za kutosha kupelekwa mbele, nani afuatiliwe karibu na nyumbani, na nani tatizo lake liko kwingine.

Mazungumzo na macho

Kipimo cha kwanza ni maswali. Ishara kubwa ni kupungua kwa pumzi kusikolingana na hali ya mapafu. Mgonjwa ambaye picha na vipimo vyake vya pumzi vimekaa vilevile kwa mwaka mzima, lakini sasa hawezi kutoka stendi ya matatu hadi sokoni bila kukaa chini, ana jambo jipya. Kizunguzungu akiinama au akipanda ngazi, kuzirai, mapigo ya moyo kwenda mbio, uzito kifuani na viatu kubana jioni ni dalili za kutajwa hata kama daktari hakuuliza.

Daktari au afisa wa kliniki ataangalia mishipa ya shingo kama imejaa, atabonyeza mguu juu ya kifundo aone kama kidole kinaacha shimo, na atasikiliza moyo. Sauti ya pili ya moyo ikiwa kali kupita kawaida upande wa kushoto wa kifua, inatia shaka. Mgongoni, chini ya mapafu, makovu hutoa sauti kavu kama ya velkro ya kiatu cha mtoto ikibanduliwa. Anayesikia sauti hiyo hana sababu ya kumwandikia mgonjwa pampu ya asthma na kuishia hapo.

Kifaa cha kidoleni

Oksimita, kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha namba mbili, ilijulikana na wengi wakati wa korona. Ni kifaa kizuri na cha bei nafuu, lakini kinahitaji kusomwa kwa akili.

Kwanza, Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa, na oksijeni iliyomo, ni pungufu kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na Mombasa. Mtu mwenye afya hana habari nalo. Mgonjwa wa makovu hulihisi, na akipanda Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,000, hulihisi zaidi. Kwa hiyo namba ya Mombasa na namba ya Thika za mtu yuleyule zinaweza kutofautiana bila ugonjwa kubadilika.

Pili, kifaa hiki hupima kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na kwa ngozi nyeusi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliosomeka kati ya 92 na 96, upungufu mkubwa wa oksijeni uliojificha ulipatikana kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 tu ya weupe. Hilo ni somo kubwa kwa kliniki za Kenya. Mgonjwa anayesomeka 92 lakini anahema na midomo imebadilika rangi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba. Pale inapowezekana, damu ya mshipa wa mkono hupimwa maabara ili kupata jibu la kweli.

Mambo madogo nayo huharibu kipimo: rangi ya kucha, hina, na vidole vya baridi, ambavyo kila mtu wa Kiambu anavijua mwezi wa Julai. Kidole kisuguliwe kipate joto, mkono utulie, na namba isomwe baada ya kutulia, si ile ya kwanza kutokea.

Mwendo wa dakika 6

Kama kuna kipimo kimoja ambacho kituo chochote cha afya chenye ujia mrefu kinaweza kukifanya, ni hiki. Kinahitaji mita 30 za sakafu iliyonyooka, alama mbili za kugeukia, saa, kiti, oksimita na mhudumu anayejua kuhesabu. Mgonjwa hutembea kwenda na kurudi kwa dakika 6 kwa kasi yake mwenyewe. Anaruhusiwa kupunguza mwendo au kusimama, na mhudumu hatembei mbele yake kumvuta. Oksijeni ikishuka chini ya 80, au kifua kikimuuma, kipimo husimamishwa.

Wengi hudhani kinachotafutwa ni umbali tu. Umbali ni muhimu, hasa ukilinganishwa na wa miezi sita iliyopita. Lakini kuna mambo mengine mawili yanayosema mengi juu ya moyo wa kulia. Moja ni kiasi ambacho oksijeni inashuka. Jingine ni jinsi mapigo yanavyorudi chini baada ya kusimama. Chukulia mchonga mawe wa miaka 58 anayeanza na oksijeni ya 93 na kumaliza na 82, mapigo yakiwa 118. Baada ya dakika moja ya kukaa, mapigo ni 110. Yameshuka kwa 8 tu. Katika utafiti wa wagonjwa wa makovu yasiyojulikana chanzo, kushuka kwa chini ya mapigo 13 katika dakika ya kwanza kulihusiana na presha ya mapafu. Hiyo si hukumu. Dawa za moyo, upungufu wa damu au kukosa mazoezi huweza kuleta jambo hilo. Ila ni ishara isiyogharimu chochote zaidi ya dakika moja ya subira, na inasikitisha kwamba mara nyingi mhudumu hung'oa kifaa kidoleni mara tu mgonjwa anaposimama.

Vipimo vya pumzi

Spirometri hupima hewa anayoweza mtu kutoa kwa nguvu. Kipimo cha pili, kinachopatikana katika maabara chache zaidi, hupima jinsi gesi inavyopenya kutoka kwenye hewa hadi kwenye damu. Makovu hushusha vyote viwili. Presha ya mapafu hushusha cha pili zaidi, kwa sababu mishipa ndiyo iliyoharibika.

Kwa hiyo daktari hugawanya namba moja kwa nyingine. Mgonjwa mwenye hewa asilimia 75 ya inayotarajiwa na upenyaji asilimia 35 ana uwiano wa 2.1. Mwenye hewa 50 na upenyaji 40 ana 1.25, ijapokuwa mapafu yake ndiyo yaliyosinyaa zaidi. Kwa wagonjwa wa ngozi kukaza, uwiano unaozidi 1.6 huamsha tahadhari, na kwao uchunguzi wa presha ya mapafu hushauriwa kila mwaka hata kama hawana dalili. Kwa makovu ya aina nyingine mpaka huo si imara sana, kwa kuwa makovu yenyewe huushusha upenyaji. Bado namba hiyo ina thamani ikishuka haraka huku ile ya hewa imesimama.

Umeme wa moyo, damu na picha

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinaweza kuonyesha moyo wa kulia umenenepa, lakini kikiwa safi hakimsafishi mtu. Eksirei ya kifua ni hivyohivyo. Kipimo cha damu cha BNP, homoni inayotolewa na moyo unaponyooshwa, kina nguvu zaidi: kikiwa chini sana, uwezekano wa moyo wa kulia kulemewa ni mdogo. Kikiwa juu, swali linabaki ni upande gani, maana hupanda pia kwa ugonjwa wa moyo wa kushoto, figo na uzee.

Skani ya CT ya kifua inastahili maneno zaidi, kwa kuwa mgonjwa wa makovu karibu kila mara ameshaifanya. Picha ileile iliyopigwa kutafuta makovu inaonyesha pia mshipa mkuu wa mapafu, ukiwa kando ya aota. Kwa kawaida mshipa wa mapafu ni mwembamba kuliko aota. Ukiwa mpana kuliko aota, au chumba cha kulia cha moyo kikionekana kikubwa kuliko cha kushoto, msomaji wa picha aandike hivyo katika ripoti. Kuna mtego: makovu yakijikunja huuvuta mshipa na kuutanua hata kama presha haijapanda. Lakini hakuna gharama ya ziada katika kuangalia, na mgonjwa ana haki ya kuomba filamu au sidii ya zamani itazamwe tena.

Eko ya moyo

Hiki ndicho kipimo kikuu kati ya vyote vya nje. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, kifua kikapakwa jeli, na mtaalamu akatazama moyo kwa mawimbi ya sauti, yaleyale yanayotumiwa kumtazama mtoto tumboni. Hakuna sindano wala mionzi.

Mashine haipimi presha moja kwa moja. Inapima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kupitia vali ya kulia, na kutoka hapo inakisia. Hesabu yake ni rahisi: kasi izidishwe kwa yenyewe, kisha mara 4. Kasi ya mita 2.8 kwa sekunde inatoa takriban milimita 31 za tofauti ya presha. Kasi ya 3.4 inatoa 46. Juu ya hapo huongezwa makisio ya presha iliyo katika chumba cha juu cha kulia. Chini ya 2.8, uwezekano ni mdogo kama hakuna ishara nyingine. Juu ya 3.4, ni mkubwa. Katikati, ishara nyingine ndizo huamua: ukuta wa kati wa moyo ukibonyezwa kuelekea kushoto, chumba cha kulia kikiwa kimetanuka, misuli yake ikisukuma kwa uvivu, au mshipa mkubwa unaotoka tumboni ukiwa umejaa na haunywei mgonjwa akivuta pumzi.

Tatizo ni kwamba mapafu yaliyoharibika hupotosha picha, na kwa wagonjwa wengi mvujo huo hauonekani vizuri. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa 374 wa mapafu waliokuwa wakichunguzwa kwa ajili ya kupandikizwa. Presha iliweza kukisiwa kwa eko katika asilimia 44 tu yao, na zaidi ya nusu ya makisio hayo yalikosea kwa zaidi ya milimita 10 yalipolinganishwa na mrija. Kwa hiyo ripoti inayosema "hakuna presha ya mapafu" kwa sababu mvujo haukuonekana, imesema zaidi ya ilichokiona. Ripoti nzuri hutaja kasi ya mvujo, au husema wazi kwamba haikupimika, kisha hueleza hali ya chumba cha kulia. Mgonjwa anayelipia eko akumbuke kumwambia mtaalamu kwamba ana makovu ya mapafu, ili upande wa kulia utazamwe kwa makini. Bila hivyo wengi hutazama kushoto zaidi.

Eko ina faida nyingine kubwa kwa Afrika. Utafiti wa PAPUCO, uliofanywa katika vituo 9 vya Kameruni, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2016, ulitumia eko kuwatambua wagonjwa 220 wa presha ya mapafu. Kwa karibu 7 kati ya 10, chanzo kilikuwa moyo wa kushoto. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa chanzo kwa takriban mmoja kati ya 10. Hivyo hata mwenye makovu dhahiri asihukumiwe kwamba makovu ndiyo yaliyoleta kila kitu. Presha ya kawaida iliyoachwa bila tiba kwa miaka, au vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, huenda ndiyo mkosaji, na hayo yana tiba. Daktari ataulizia pia damu iliyoganda miguuni, Virusi vya Ukimwi, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, na kwa aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, kichocho, ambacho pia huharibu mishipa ya mapafu.

Kuyaweka pamoja

Hakuna kipimo kimoja kati ya hivi kinachotosha. Nguvu iko katika kulingana kwao. Yule mchonga mawe wa miaka 58 akiwa na mapigo yasiyoshuka, uwiano wa pumzi wa 2.1, mshipa wa mapafu mpana kuliko aota na eko yenye chumba cha kulia kilichotanuka, hata kama mvujo haukupimika, anastahili rufaa bila kungoja. Mwenye eko ya kutia shaka lakini anayetembea mita zilezile za mwaka jana, BNP ikiwa chini, anaweza kufuatiliwa na kurudiwa vipimo baada ya miezi michache. Na kuna yule ambaye ni dhaifu kiasi kwamba jibu la mrija halitabadilisha matibabu yake. Kwake oksijeni, dawa za kupunguza maji na utulivu nyumbani ni bora kuliko safari ya kwenda Nairobi.

Mrija unahitajika hasa pale dawa maalumu zinapofikiriwa. Mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa 326 ulionyesha kwamba dawa ya treprostinili, ikivutwa kwa pumzi, iliongeza mwendo wa dakika 6 kwa takriban mita 31 ikilinganishwa na waliopewa dawa bandia baada ya wiki 16, na Marekani ikaiidhinisha kwa wagonjwa hawa mwaka huohuo. Lakini dawa nyingine za presha ya mapafu zimewadhuru. Majaribio ya riosiguati kwa wenye makovu yalisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu ya vifo na madhara zaidi kwa waliopewa dawa, na ambrisentani nayo ilionyesha madhara kabla yake. Hili linasemwa waziwazi kwa sababu sildenafili inauzwa kwenye maduka ya dawa kwa matumizi mengine, na baadhi ya wagonjwa wamesikia kwamba "inafungua mapafu." Asiinunue mtu kwa kusikia. Kwa mwenye makovu inaweza kushusha oksijeni zaidi, na kwa anayetumia dawa za naitreti za moyo inaweza kuua.

Kupata huduma

Mwenye dalili aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapimwa oksijeni na kusikilizwa, kisha apewe barua ya rufaa kwenda Ruiru Level 4 au Thika Level 5. Kutoka huko, kulingana na vipimo, anaweza kutumwa katika hospitali za rufaa za kitaifa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyo jirani na Ruiru au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa kupiga *147#, na asiyejisajili afanye hivyo kabla ya kuugua sana, si kwenye benchi la wagonjwa wa dharura. Kabla ya skani au eko, aulize dirishani ni sehemu gani ya gharama italipwa na ipi atatoa mfukoni.

Siku ya kliniki abebe picha zote za kifua, hata za miaka mitano iliyopita, kadi ya matibabu ya TB kama aliwahi kutibiwa, na dawa zote anazomeza zikiwa ndani ya pakiti zake. Aandike kwenye karatasi kazi alizofanya tangu ujana, pamoja na miaka: timbo, kiwanda, banda la kuku, jikoni la kuni. Karatasi hiyo ina kazi mbili. Inamsaidia daktari kutafuta chanzo, na kwa aliyeumia kazini ni mwanzo wa ushahidi, kwa kuwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inatambua pia magonjwa yanayoletwa na kazi, na madai huanza na ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa na kazi iliyouleta.